Chuma Begani mwa Lukumani

Mgeni rasmi, Daktari Winfrida, pamoja na wauguzi mliofuatana naye: sisi wa Umoja wa Walioumia Migongo, Mbekenyera, tunasema karibuni sana. Anayesoma ni Hadija, katibu. Tumeingiwa na hofu, na sababu yake mtaisikia.

HISTORIA
Tulianza mwaka 2003 tukiwa wanne, sote tulioanguka kwenye mikorosho wakati wa kupogoa. Leo tuko kumi na mmoja. Wengi ni wazaliwa wa hapa. Wachache walivuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji enzi za vita, tukawagawia mapori, wakapanda mikorosho yao. Wana wajukuu hapa. Karatasi hawana.

MAFANIKIO
Zamani aliyeanguka tulimkalisha kwenye keria ya baiskeli, tukamfunga kwa kanga mgongoni mwa mwendeshaji, mbio hadi zahanati. Mwaka jana, Daktari, ulipotufundisha kwamba mgongo uliovunjika haukalishwi, tulilia, maana tuliwaumiza wenzetu mara ya pili kwa mikono yetu. Sasa kila kitongoji kimeweka mlango wa mbao wa kumlazia majeruhi.

CHANGAMOTO
Daktari, ulimchagua Lukumani, huyu aliyekaa mbele yako, aende Dar es Salaam kwenye mashine inayofuatilia maji yanavyotembea ndani ya mishipa ya fahamu ya mgongo, ili ijulikane njia zipi bado ziko hai. Vidole vyake vya mguu wa kushoto vimeanza kucheza. Tulifurahi kupita kiasi.

Kisha ikaja fomu: "Je, una chuma mwilini?" Lukumani akaniambia, "Dada Hadija, wakiniuliza kiliniingiaje nitajibu nini? Watanirudisha ng'ambo ya Ruvuma." Sote tulikuwepo fomu ikijazwa. Tukaandika "hapana". Mkono ulioandika ni huu ulioshika risala hii.

Jumatatu nesi wako akatueleza kuwa mashine ile ni sumaku kubwa, hata sarafu mfukoni haitakiwi. Tangu siku hiyo tunaogopa chuma cha Lukumani kitavutwa naye yumo ndani ya mashine. Tunaogopa vilevile kusema, akanyimwa picha, au akapakiwa kwenye gari jingine kuelekea mpakani. Na gari lako linaondoka naye kesho asubuhi.

MAOMBI
Tulikuwa na maombi manne, likiwemo la viti vya magurudumu. Tumeyafuta, limebaki moja.

Lukumani ana kipande cha chuma chini ya bega la kulia. Ukipapasa utakisikia. Tunaomba umkague kabla hajaikaribia mashine. Isipomfaa, umtafutie kipimo kingine, jina lake lisikatwe. Na kwenye faili lake tunakuomba uandike chuma kilipo. Kilikotoka, Daktari, tunakuomba usiandike.

Mungu awafikishe salama, na amrudishe Lukumani kwenye mikorosho yake hapa kwetu, hata kama ni kwa kubebwa juu ya mlango.

Ni sisi,
Umoja wa Walioumia Migongo,
Mbekenyera, Ruangwa.
Oktoba 2007