Ufuta Uliokuwa Ukutani

Sogeeni, wanangu. Rahimu, funga mlango. Nasra, nishike mgongo. Hadi jana asubuhi mimi Mwatumu sikuwa na zito la kuwausia: nyumba msiuze, shamba la Pongwe mgawane kwa sheria. Jana mafundi wakabomoa ukuta wa chumba cha nyuma.

Yale yaliyomwagika mlidhani ni vumbi la mchwa. Ni ufuta wangu, wa miaka thelathini na moja.

Mwaka ule niliukata ungali kijani, kama ipasavyo, maana ukiungoja ukaukie shambani maganda hupasuka nchani na kumwaga kila kitu. Ukishaukata husimamisha matita vichwa juu, maganda yakipasuka mbegu zibaki ndani, ndipo uyapindue juu ya jamvi uyakung'ute. Mtoto wa Pongwe analijua hilo. Lakini mvua ilitanda, na msiba wa Muheza ukaniita, nikayatupa matita darini vichwa chini, nikisema bado mabichi, hayatapasuka. Chini ya bati lile, na joto lake! Niliporudi baada ya siku kumi na mbili, maganda yote wazi, hamna hata punje. Kumbe zilikuwa zimeteremka ndani ya ukuta uliokwisha kuliwa na mchwa.

Ufunguo wa dari nilimwachia mdogo wangu, Zuleha. Sikumuuliza mara mbili. Nilimwita mwizi barazani, Ijumaa, watu wakitoka msikitini, kisha nikaita mashekhe wamsomee Halbadiri ya kumlaani. Alinijibu neno moja tu: "Dada, mimi sikupanda darini." Akahamia Usagara, nami nikawakataza ninyi hata kumwamkia, mkakua mnamjua mama yenu mdogo kwa sura tu. Hasira hasara, wanangu. Mimi niliwaambia wengine, nafsi yangu sikuiambia.

Tena wazee walisema Halbadiri ikimkosa mwizi humrudia aliyeisomesha. Ya Rabi, naogopa. Sioni haya kusema, naogopa.

Basi sikilizeni. Theluthi ya shamba, ile ambayo sheria inaniruhusu kuusia, ni ya Zuleha. Akiikataa msigombane naye, iacheni na mipaka yake, msilime hata tuta. Rahimu, chukua bajaji sasa hivi uende Usagara. Mpe shikamoo kwanza, ndipo umwambie dada yake anaomba radhi. Akija, tupisheni. Asipokuja, ana haki.

Nasra, maji... kidogo tu.

Radhi zangu mnazo nyote wawili. Mungu awape subira ya kuuliza kabla hamjahukumu, na awaweke pamoja.

Ngoja, Rahimu, bado moja. Siku ya jeneza, utakaposimama mbele ya watu kuuliza nani ananidai, usianze na sifa. Sema kwa sauti, wa nyuma wasikie: mama yetu alimsingizia mdogo wake wizi. Mtaje Zuleha kwa jina. Usipolisema hilo... wasinisalie.