Siku Shangazi Alipoleta TV Kijiweni

Kijiwe cha Shangazi kiko kwenye kona, pale ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi unapokutana na uchochoro wa mafundi. Hakina kibao wala saa ya kufungua. Kina mabenchi mawili yanayotazamana, jiko la mkaa, birika kubwa lenye masizi, na vikombe vidogo ambavyo kila mtu ana chake ingawa vyote vinafanana. Watu huja hapo kabla ya kazi na baada ya kazi, na wengine, Mungu awasamehe, huja katikati ya kazi. Siku hiyo walikuwepo wale wale. Sponji, fundi makochi, mtu mpole ambaye tangu apatwe na kiharusi mwaka uliopita huongea taratibu. Wembe, kinyozi, ambaye TV ya kibandani kwake haizimwi hata pasipo na mteja. Kipaza, muuza mitumba, mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa tatu. Na Afande, mlinzi wa benki zamu ya usiku, ambaye kazi yake ni kutazama skrini zinazoonyesha milango isiyofunguka. Kitu kigeni kilikuwa kimoja tu: boksi jipya, pana, limeegemezwa ukutani nyuma ya benchi la Sponji. Kila aliyepita aliliona, na wengi waliosimama kulitazama waliagiza kahawa ili kusimama kwao kusionekane umbea.

— Ni TV, Shangazi alisema bila kuulizwa, akipepea mkaa. — Fundi wa kuifunga yuko njiani. Msinichoshe kwa maswali.

Hakuna aliyehitaji kuuliza. Tangu hoteli ya ng'ambo ya barabara ibandike skrini yenye upana wa kitanda, wateja wa Shangazi walikuwa wakivuka barabara mmoja mmoja, na kahawa ikawa inabaki birikani mpaka jioni, akaimwaga. Sponji aliwahi kumkuta akiimwaga. Alijifanya anafunga kamba za viatu, naye alikuwa amevaa kandambili.

Boksi lile lilimkaa Sponji kooni. Nyumbani kwake hakuna TV, na hapa kijiweni ndipo mahali pekee alipobakiwa napo pa kukaa na wanaume wenzake wakabishana bila mtu kusema “nyamaza kwanza, nisikilize.” TV ikifungwa, kijiwe kitakuwa hoteli nyingine, na yeye atakuwa yatima ukubwani. Lakini angeanzaje kumwambia Shangazi aendelee kumwaga kahawa yake?

— Mimi naiunga mkono, Wembe alianza. — Mteja wangu akitazama TV, shingo inatulia. Asiyetazama anageukageuka, mwisho unamkata sikio. Masikio mengi ya mtaa huu yameokolewa na TV.

— Kweli kabisa, Kipaza akadakia. — Hata wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Ndiyo maana wanangu wakianza kulia tu, nawawashia TV.

— Methali hiyo inasema kinyume, Afande alisema.

— Kinyume cha nini? Wanangu hawalii.

— Na wewe?

Kipaza akanywa kahawa.

— Tatizo ni huyu Sponji, Wembe aliendelea. — Shangazi, unafunga TV mbele ya mtu asiyeizoea. Mtangazaji akisema habari za jioni, huyu atasimama aitikie, “Nzuri, na nyumbani je?”

Wakacheka, Sponji naye akacheka.

— TV nilikuwa nayo, alisema. — Umeme uliruka, ikatoa moshi, ikafa. Nikasema nitanunua nyingine mwisho wa mwezi.

— Mwezi upi?

— Huo huo. Haujaisha.

— Ubahili, Kipaza alitoa hukumu.

— Si ubahili, ni shemeji, Wembe alisema. — Mwanamke akishayapata masikio ya mumewe yote mawili, hakubali tena kuyagawana na mtu.

Afande alitazama kushoto na kulia, akashusha sauti.

— Nyote mnapapasa. Sponji anaogopa kuonwa. Mnadhani mnaitazama TV, kumbe yenyewe inawatazama nyinyi. Mimi ni mtu wa skrini, najua ninachosema. Juzi kazini nimeona kwenye skrini mtu kasimama mlangoni pa benki, anajikuna mgongo kwa rungu. Nikasema, leo nimempata. Nikachukua filimbi. Na yeye akachukua filimbi.

— Ukamkamata? Kipaza aliuliza.

— Nilimwacha. Alikuwa na sare.

Shangazi alilazimika kuweka birika chini. Waliosimama pembeni walisogea karibu zaidi, na mmoja akaomba kikombe cha pili.

— Na TV zile za ndani ya benki, Afande alisema, akiwa hajaona cha kuchekesha, — zimewekwa makusudi. Foleni haisogei, lakini kwenye skrini mtu anakimbia. Moyo wako unadhani na wewe umesogea.

— Za hospitali je? Kipaza alisema. — Mbona ziko juu karibu na dari? Ni matibabu yale. Unanyoosha shingo mpaka inapona. Umewahi kusikia mtu kalazwa kwa ajili ya shingo?

Hapo Sponji aliona ama aseme sasa au asiseme kabisa.

— Niwaambie la kazini kwangu, alisema, neno moja baada ya jingine. — Zamani mtu akija kuagiza makochi, alinieleza wageni wake: mama mkwe anaumwa kiuno, mjomba ni mnene. Siku hizi ananieleza TV. Itakaa wapi, na makochi yote yaielekee. Nimeshatengeneza seti nzuri sana ambazo watu wakizikalia hawaonani mpaka wapinde mgongo. Sasa ya kwangu ilipokufa, mke wangu alikaa anatazama ukuta mtupu, akaniambia, baba, kama ni hivi si ugeuze makochi? Nikayageuza yakatazamana. Siku za mwanzo ilikuwa aibu tupu. Sikujua macho yangu niyaweke wapi, na mke wangu naye anachezea ushungi. Halafu binti yetu akaanza kutuigizia majirani. Mtoto huyo anamjua kila mtu wa mtaa anavyotembea, anavyokohoa, anavyokopa chumvi. Tukacheka mpaka mke wangu akashika mbavu. Nikajiuliza, kipaji hiki kilikuwa wapi miaka yote? Kilikuwa mle mle ndani, kinasubiri matangazo yaishe. Mimi ule umeme ulioruka naushukuru mpaka leo.

Shangazi aliacha kupepea mkaa.

— Ndipo waliposema, kikulacho ki nguoni mwako, Kipaza alisema kwa huzuni.

— Hiyo nayo inaingiaje hapo? Wembe akauliza.

— Rimoti. Kwangu kila siku inapotea, tunalaumiana nyumba nzima, kumbe mtu kaikalia.

Fundi wa TV alifika wakiwa bado wanacheka. Mtu mzima, ngazi begani, penseli sikioni, mgeni kwa wote. Akasalimia, akapewa kahawa, akainywa akiwa wima kama wafanyavyo watu wenye kazi nyingine baada ya hii. Kisha akamwomba Sponji ainame kidogo, akapanda ngazi, akapima ukuta juu ya kichwa chake, akachora alama. Akashuka, akarudi nyuma hadi karibu na barabara, akatazama benchi hili, akatazama benchi lile.

— Samahani jamani, alisema. — Nikiifunga hapo, wa upande huu wataona vizuri. Wenye migongo ukutani hawataona kitu. Na ng'ambo huku hakuna ukuta. Kwani mkikaa hapa huwa mnatazama nini?

Aliuliza kifundi tu, anataka kujua pa kutoboa. Afande aliitazama barabara, kisha viatu vyake. Kipaza alifungua mdomo na, kwa mara ya kwanza tangu mtaa umjue, akaufunga bila kutoa kitu.

— Mimi, Wembe alisema mwishowe, macho yakiwa ndani ya kikombe, — huwa namtazama Sponji mdomo.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

— Siku ile alipougua si alikuwa amekaa hapo hapo? Kipaza anatoa upuuzi wake, wote tunacheka. Nikaona Sponji upande mmoja wa uso unacheka, wa pili umegoma. Mimi kazi yangu ni nyuso, nikajua huyu si wa kucheka tena, ni wa hospitali.

— Na pale mapokezi, Kipaza akaongeza, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo. — Mpira unaonyeshwa, wote macho juu, hata nesi. Wembe akaenda kusimama juu ya kiti mbele ya skrini, akawaziba. Ndipo wakatuona. Daktari akasema tumewahi, kidogo tu.

— Basi tangu siku hiyo, Wembe alisema, — akikaa hapo namtupia utani wowote, suruali yake, ndevu zake, TV asiyokuwa nayo. Akicheka pande zote mbili, nafsi yangu inatulia. Ndipo nakunywa kahawa.

Sponji alijua ni nani aliyembeba siku ile, na alishashukuru kama watu wanavyoshukuru, kwa kushikana mikono na kuombeana heri. Hili la pili hakulijua. Mwaka mzima ametaniwa asubuhi na jioni, akarudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba Wembe hana adabu. Kumbe mtu alikuwa anamlinda. Macho yalimjaa maji, naye hakuyaficha.

— Wembe, ndugu yangu, asante, alisema. — Nimeona wanangu wakikua mwaka mmoja zaidi kwa sababu wewe ulikuwa unanitazama mimi. Sina cha kukulipa, na hata ningekuwa nacho kisingetosha.

— Ah, acha, Wembe alisema, akijifuta pua kwa mgongo wa mkono. — Unamliza mtu mbele ya fundi.

Sponji akamgeukia Shangazi.

— Biashara ni yako, Shangazi. Sitaki umwage kahawa hata tone. Ifunge. Ila nakuomba tuwekeane zamu: kila jioni mmoja wetu asitazame TV, atutazame sisi.

Shangazi alikaa na kitambaa mkononi kwa muda, akikikunja na kukikunjua.

— Mama yangu miguu haimbebi tena, alisema. — Mimi nikija hapa, yeye anashinda anatazama mlango. Fundi, twende ukaifunge kwake.

— Na mchana mimi nitakwenda kukaa naye, Afande alisema. — Kutazama skrini na mtu mwingine ndani ya chumba, hiyo kwangu ni likizo.

— Ukilala, nitaambiwa.

— Na wateja? fundi aliuliza.

— Wateja niachieni mimi, Kipaza alisema, sauti yake ya kawaida ikiwa imerudi. — Kuanzia kesho meza yangu ya mitumba iko hapa kando. Anayechagua shati huchoka. Akichoka atakaa, akikaa atakunywa. Shangazi ametufaa siku nyingi, na chanda chema huvikwa pete.

Safari hiyo methali ilikaa mahali pake, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Shangazi alinyanyua birika ampe fundi kikombe cha pili, likapanda juu kwa wepesi kuliko mkono wake ulivyotarajia. Akalitikisa. Akatazama pembeni, kwa wale waliosimama kulingojea boksi lifunguliwe. Walikuwa bado wapo, wameongezeka, kila mmoja na kikombe, wanasubiri kusikia nani atajibu nini.

— Kahawa imekwisha, alisema, na akalirudia neno hilo polepole, kwa kuwa hakuwa amelisema kwa muda mrefu. — Jamani, imekwisha kabisa.

Hakuna aliyenyanyuka. Fundi alilaza ngazi yake chini, Wembe akamsogelea Afande kumpisha, na fundi akajibana kwenye benchi.