Gavana Aliyepunguza Mlolongo Wake Mwenyewe

Mheshimiwa Zilpah Andayi, mwanamke wa kwanza kuwa gavana katika Umoja wetu wa Waswahili wa Durban, anastaafu Jumamosi, tarehe 28 Machi 2026, baada ya kuliongoza Jimbo la Isipingo kwa miaka kumi na mitano. Kabla yake tulikuwa na magavana sita, wote wenye ndevu. Wasifu huu nimepewa mimi, karani wake niliyeishia kidato cha pili, kwa sababu wenye digrii waliomba wiki tatu. Mimi nimetumia mchana mmoja, na bado nimewazidi.

Jimbo kwetu ni tawi tu la chama cha wahamiaji, na gavana wake hana king'ora wala mlinzi. Kazi yake ni kumsindikiza mtu kwenye foleni ya vibali, kupatanisha wapangaji, na kusimama mochwari badala ya ndugu walio mbali. Wazee walisema mochwari si mahali pa mwanamke. Zilpah, fundi cherehani wa sare za shule, mzaliwa wa Kakamega, aliwajibu kwamba hajasikia maiti hata mmoja akilalamika.

Aligombea mara ya kwanza mwaka 2008. Kwetu kura ni za mlolongo: mgombea anasimama, wanaomtaka wanajipanga nyuma yake, vichwa vinahesabiwa. Sanduku tulilijaribu mara moja, likatoa kura nyingi kuliko wanachama. Mwaka huo tulikuta ukumbi umefungwa, basi wakubwa wetu kwa werevu wao wakahamishia uchaguzi pembeni mwa stendi ya teksi za Isipingo, zile daladala za huku, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Msimamizi, Mzee Gadiel, akahesabu. Gavana aliyekuwepo, Jacques mwenye saluni, arobaini na wanane. Zilpah, sitini na mmoja. Watu wakaanza kuimba.

Yeye hakuimba. Alitembea hadi mwisho wa mstari wake, akamkuta bibi mmoja wa Kizulu na gunia la viazi, na nyuma ya bibi watu wenye mifuko ya sokoni. Akawauliza kwa Kizulu wanakwenda wapi. Wanakwenda mjini. Walidhani ile ni foleni ya teksi. Walikuwa kumi na tisa.

Hakuna mwingine aliyekuwa amegundua. Rafiki yake Chepngetich alimvuta kando: "Dada, nyamaza. Mungu akikupa, usihesabu."

"Hawa hawakunichagua mimi," Zilpah akamjibu. "Wamechagua teksi."

Akamrudia Mzee Gadiel, akamwambia ahesabu upya. Arobaini na wawili. Akashindwa kwa watu sita. Hata Jacques aliona haya: "Eish, mama, weye ulikuwa umeshinda. Sasa iko nini?" Chepngetich alimnunia miezi minne.

Kisa hiki tunakisimulia kwa kicheko, nami ndiye ninayekisimulia vizuri kuliko wote. Lakini nimekaa naye miaka mitano kwenye ile meza iliyo nyuma ya cherehani, inayoitwa ofisi, na najua kilimuuma. Aliniambia kwamba Jumatatu yake alishona mikono ya shati nyuma mbele, akafumua, akashona vilevile tena. Alikitaka kile kiti kuliko anavyokiri. Angekuwa hakitaki, kukiacha kungekuwa kazi gani?

Mwaka 2011 alirudi. Safari hiyo kila mgombea alipita kwenye mstari wake na kumwuliza kila mtu jina, na Jacques mwenyewe akamtoa shemeji yake aliyekuja kutembea kutoka Lubumbashi. Zilpah alishinda, hamsini na saba kwa hamsini na mmoja. Utaratibu huo tunauita kukagua mkia, na tunaufuata hadi leo.

Alianzisha darasa la Kizulu la Jumapili kwa akina mama wachuuzi. Maduka ya wageni kama sisi yalipovunjwa katika ghasia, alizunguka siku tatu na daftari la majina mpaka kila mwanachama akapatikana. Wa mwisho alikuwa Jules, aliyekutwa amelala kanisani, akafokewa mbele ya padri. Kasoro anayo: robot, yaani taa ya barabarani, ikiwa nyekundu husimama hata anapokwenda kwa miguu na barabara ni tupu, na kutuchelewesha sote.

Januari kamati ilitaka kumwongezea kipindi bila uchaguzi, kwa kuhofia nani ataweza baada yake. Alikataa. "Niliwahi kupewa watu wasio wangu, nikawarudisha," alisema. "Kiti ambacho hakuna aliyepanga mstari kunipa, nitamrudishia nani?"

Basi kiti kiko wazi. Kaneza wa duka la simu amechukua fomu, nami nimechukua. Nilipomwambia Mama Zilpah, alinitazama juu ya miwani akasema yeye atasimama nyuma ya Kaneza. Nikasema sharp, yaani sawa, hakuna neno. Kwa hiyo asije mtu akadhani nimemsifu ili anichague.

Mama Zilpah, Isipingo inakushukuru. Upate siku ndefu, miguu isiyouma na simu isiyolia.