Mkasi wa Bi Maulida Wapumzika

Baada ya miaka kumi na tisa ya utumishi, Bi Maulida Othman anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, saa kumi jioni. Kwa jinsi tunavyomjua, ataondoka saa kumi na mbili, akiwa bado na gundi vidoleni.

Alifika Guangzhou kutoka Mombasa kununua nguo za jumla kule soko la Shisanhang, akachoka kukanyagwa vidole na mikokoteni, akaomba kazi katika ofisi yetu ya uchapaji na mizigo hapa Xiaobei. Barua yake ya ajira inamwita karani wa mizigo. Haisemi popote kwamba atashona bendera, atamimina mishumaa, wala atatikisa maziwa kwenye chupa katikati ya mkutano hadi yawe siagi. Hayo aliyataka mwenyewe, tangu mteja wetu wa Nairobi, Bwana Kamande, alipoanza kuchapisha kwetu vitabu vya watoto vya historia ya Marekani, vile ambavyo kila sura ina kazi yake ya mikono.

Kanuni yake ilikuwa moja: katoni hazifungwi mpaka yeye awe amefanya kila kazi iliyomo kitabuni, akifuata maelekezo kama mtoto wa miaka minane asiye na mtu wa kumuuliza. Tulimcheka sana. Kisha tukawa tunapitapita mezani kwake kuangalia leo anatengeneza nini.

Sura ya tangazo la uhuru ilitaka kalamu ya unyoya. Bi Maulida alimwendea mpishi wa bata bukini karibu na mtaa wa Dengfeng, akamwomba bawa ambalo halijapikwa. Mpishi alidhani ni mbinu mpya ya kuombea punguzo, akamjibu meiyou, hakuna. Mama akarudi siku tatu mfululizo. Ya nne alipewa gunia zima, na ofisi ikapiga chafya wiki mbili.

Ikaja sura ya Boston, ambako watu waliochukizwa na kodi walimwaga chai baharini. Kitabu kiliagiza beseni la maji, boti za karatasi na chai ya kutosha. Chai pekee ofisini ilikuwa kabatini kwa laoban, yaani bosi wetu Bwana Huang, naye alikuwa ameitunza miaka kumi na minne kama mboni ya jicho. Bi Maulida aliimwaga yote, maana kitabu kilisema ya kutosha. Bwana Huang aliporudi kutoka chakula cha mchana alilitazama beseni, akauliza hao Wamarekani wamebakiza magomvi mangapi. Kisha akatangaza, bila kucheka, kwamba safari nyingine mkasi ule ukileta hasara au ukichelewesha mzigo, mwenye mkasi atapanda ndege arudi kwao. Wakati huo binti wa mwisho wa Bi Maulida alikuwa bado chuoni, na mshahara wa mama yake ndio uliokuwa ukimsomesha.

Machi mwaka jana, kontena la Bwana Kamande lilikuwa limebakiza siku moja kwenda bandarini. Ili kuokoa karatasi, Bwana Huang alikuwa ameamuru kurasa za kukata zichapwe pande zote mbili. Upande mmoja lilikuwapo gari la turubai la wahamiaji waliokwenda magharibi. Upande wa pili, nyumba yao ya magogo. Mtoto akilikata gari, nyumba inabaki na matundu manne ya magurudumu na haina mlango.

Bi Maulida alipanda ghorofani na kitabu, mkasi na gundi. Hakubishana. Alimwomba bosi amsaidie kuliunda gari. Bwana Huang alikata akiwa ameutoa ulimi nje kidogo, akagandisha turubai, akawapanga na maksai wake mbele, akafurahi waziwazi. Ndipo akaombwa afungue sura inayofuata, ajenge nyumba. Alitafuta mlango kwenye ukurasa. Akautafuta chini ya meza. Mwisho akasema, kwa Kiswahili alichojifunza kwa wateja:

"Mlango yangu iko kwa gari."

Kontena lilisubiri siku tisa, kurasa zikachapwa upya upande mmoja, na hakuna aliyepanda ndege.

Wasifu wa heshima ungeishia hapo na kuingia kwenye shukrani. Lakini mwandishi wa huu ni mimi, Byron wa ufungashaji, na mimi ndiye niliyepokea nakala za kwanza kutoka mtamboni. Niliuona ukurasa ule siku nne kabla yake. Nilikunja pembe yake, kisha nikaikunjua, nikanyamaza. Amri ilikuwa ya bosi, nami niliogopa kibarua changu kisije kikaota nyasi. Naona aibu mpaka leo.

Bi Maulida aliuona mkunjo. Alinijia mezani, akaniuliza polepole:

"Byron mwanangu, uliona?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Basi wewe hukuona. Nimeona mimi."

Akachukua mkasi, akapanda ngazi peke yake. Mpaka leo hajamwambia mtu.

Kuanzia Jumatatu kazi yake nimekabidhiwa mimi, na siwezi kuianza nikiwa nimejificha nyuma yake. Bi Maulida, kwa niaba ya wote wa ghorofa hii, asante kwa miaka yako. Ufike Mombasa salama, upate usingizi wa mchana, wajukuu wakuchoshe kwa raha, na uzee wako uwe na heri tupu. Nami nasema mbele ya wafanyakazi wenzangu, na mbele ya Bwana Huang ambaye analisikia jambo hili leo kwa mara ya kwanza: niliona.