Inchi Nne za Kontena

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali moja, na limeegemea ukuta wa duka la Sindano, fundi cherehani, ili mtu akizidiwa na hoja apate pa kujishikiza. Asubuhi ile Sindano alikuwa mlangoni, mkasi mkononi, satini ya rangi ya dhahabu begani, na hathubutu kukata. Mpwa wake, Kontena, bondia wa uzito wa juu, alikuwa anarudiana baada ya wiki tatu na mtu aliyemshinda kwa pointi mwaka jana. Bukta ambayo Sindano alimshonea kwa pambano lile ilikuwa na kiuno cha inchi thelathini na nane. Juzi Sindano kampima tena: arobaini na mbili. Kitambaa ni hicho hicho kimoja, na Kontena mwenyewe kashasema, "Mjomba, kata unavyoona, mimi nitaingia." Maana yake, ikikatwa thelathini na nane, kijana anaanza kujinyima chakula leo hii, ikikatwa arobaini na mbili, anapanda ulingoni alivyo. Sindano akatuomba ushauri. Ndivyo watu wazima wanavyoharibikiwa.

Wa kwanza alikuwa Spana, fundi magari.

— Lori tupu ukiligonga linayumba. Lililojaa mchanga ukiligonga, unaumia wewe. Mwacheni mtoto ajae.

— Na breki? akauliza Bwana Kanuni. Lori lililojaa halisimami.

— Bondia asimame ili iweje? Anayesimama ndiye anayepigwa.

Birika, muuza kahawa wetu, akamuunga mkono Spana kwa kusema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tulimwomba afafanue. Akasema methali haifafanuliwi, inanywewa kahawa, akatujazia vikombe.

Bwana Kanuni alistaafu ofisi ya vipimo baada ya miaka thelathini na mmoja, na hapendi kusikia kilo zikitajwa bila mizani. Tukamuuliza mizani iko wapi. Akajibu kwamba ya klabu ya ngumi ipo, nzima kabisa, ila imefungwa kwa lakiri. Aliifunga yeye mwenyewe, wiki moja kabla ya kustaafu, kwa sababu mshale ulizidisha robo kilo. Lakiri haivunjwi bila barua ya aliyeifunga, aliyeifunga amestaafu, na mstaafu hana karatasi yenye nembo. Alieleza hayo kwa fahari ya mtu aliyejenga ukuta akasahau mlango, na ulivyo imara, hataki mtu autoboe.

Kwa kukosa mizani, ikabidi akadirie. Kila inchi ya kiuno akaihesabia kilo tatu, akapata kumi na mbili, akazipigia mstari kwa penseli ukutani, na tangu hapo zikawa kilo halali. Yeye aliona ni hatari: ni kama kumpandisha Kontena ulingoni na mtoto wa miaka miwili mgongoni. Spana akasema hapo ndipo atakapopigana vizuri, kwani hakuna mtu anayekubali kuanguka na mtoto mgongoni. Vikombe viwili baadaye ngumi ya Kontena, kwa hesabu za Spana, ilikuwa inahamisha friji lenye vitu vyake.

Sindano peke yake hakucheka.

— Ninyi mnacheza. Mimi nilikuwa kwenye kona yake. Raundi nne za mwanzo alimchezea yule bwana kama mpira. Ya tano mdomo ukaachama. Ya nane alikuwa anahema kama mtu aliyepandisha kabati ghorofani. Pumzi zilimwishia akiwa mwembamba. Leo amenenepa, nimwache? Si atazimia wakati wa kutambulishwa?

Hapo Birika akatujazia vikombe bila methali.

Ndipo akafika mke wa Kontena, na sare yake ya kiwanda cha mikate iliyoharibika zipu. Akatuamkia, akampa Sindano nguo, akauliza tunabishania nini. Tukamweleza sote kwa mpigo, kilo, lori, friji na mtoto. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia Sindano.

— Mjomba, ile bukta ya kwanza, ulimpima amebana tumbo au ameachia?

Sindano akaivuta satini vizuri begani.

— Nilimpima amesimama.

— Amesimama, sawa. Anapumua?

Spana alichungulia ndani ya kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo.

— Mume wangu akikuona tu, Mjomba, anabana tumbo, akasema yule dada. Tangu mdogo anaogopa utamwambia amenenepa. Akitoka hapa kwako anafika nyumbani yeye kwanza, tumbo linafuata. Na ile bukta, baada ya pambano, nilimvua kwa mkasi. Lastiki ilikuwa imemchimba mtaro.

— Juzi alitoka kukimbia, Sindano akasema polepole. Alikuwa anatweta. Hakuweza kubana.

Bwana Kanuni akainuka, akazifuta zile kilo kumi na mbili ukutani kwa kiwiko. Birika akanong'ona, "Kikulacho ki nguoni mwako." Kwa mara ya kwanza katika historia ya benchi letu methali yake ilikaa mahali pake, na hatukujua tutazame wapi.

Kicheko cha Sindano kilianzia mabegani. Kikamshukia tumboni, kikamkalisha kwenye ngazi ya duka lake, satini imemfunika magoti, machozi yanamtoka.

— Basi yule bwana hakumshinda peke yake, akasema alipopata sauti. Tulikuwa wawili.

Akajifuta uso, akakunja kitambaa bila kukikata.

— Mwambie mpwa wangu kesho mchana aje kula. Usimtajie kipimo.

— Na utampimaje?

— Nitapitisha mkanda akiwa anatafuna.