Mzee wa Chozi na Haibiskasi

Ndugu, jamaa na majirani, marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, katika chumba cha nyuma ya duka la vitambaa, akasoma shule ya mtaani, kisha chuo cha ualimu, na mwaka 1974 akaanza kufundisha sayansi, kazi aliyoifanya hadi kustaafu.

Wanafunzi walimwita Mzee wa Chozi, kwa sababu ya picha mbili alizozichora ukutani mwa darasa, ndege chozi na ua la haibiskasi, ambazo alizilinganisha kila mwaka, mdomo kwa kina cha ua, ndege anapata utamu, ua linabebewa chavua, wala hakuna anayemdhulumu mwenzake, na somo hilo alilibeba hadi kwenye harusi za watu, ambako hata wapishi walilijua kwa moyo.

Alimwoa mama yetu tarehe 2 Agosti 1977, wakajaliwa binti mmoja na wavulana wawili. Binti huyo, dada yetu, aliolewa mwaka 2001, na aliporudi na begi lake, akieleza kwamba mume anakula jasho lake na kumlipa kwa makofi, marehemu alimsomea somo lile lile mlangoni, akamrudisha siku hiyo hiyo.

Mwaka uliofuata, akimwagilia maua ya shule, alimwona chozi akitoboa ua ubavuni, chini kabisa, akanyonya na kwenda zake bila kugusa chavua, na matundu yale alikuwa akiyaona miaka yote, akiwasingizia wadudu. Aliacha kopo palepale, akaenda kumchukua dada, akamkuta amevunjika jino, akambebea begi mwenyewe, na tangu hapo aibu ilimla, harusini hakusema tena, wala hakuweza kumtazama binti yake usoni.

Aliugua figo tangu Januari mwaka jana, akauguzwa na dada huyo huyo, na kila akilishwa uji aligeukia ukutani, hata dada akamtania kwamba uji haupitii sikioni. Alifariki Jumanne alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuazima viti, na walimu wenzake mliozitunza zile picha, pamoja na tundu alilolichora baadaye ubavuni mwa ua. Dada ameomba isemwe mbele yenu kwamba alimsamehe siku ile ile, njiani, alipomwona anahangaika na begi. Pumzika kwa amani, Baba, na sasa mgeukie mwanao.