Daktari Bienfait Cirhuza na Sukari ya Mahari

Daktari Bienfait Cirhuza alizaliwa Walungu, Kivu ya Kusini, tarehe 3 Machi 1956, na leo, 22 Novemba 1997, anazikwa hapa Brussels. Wasifu huu unasomwa na dada yake mkubwa, Bibiane. Anayeogopa kusikia ukweli akasimame kule getini.

Alisoma sekondari Bukavu, kisha udaktari wa mifugo Lubumbashi, akamaliza mwaka 1981. Alipofika Ubelgiji aliambiwa asome upya. Akasoma, huku amenuna, mpaka akapata ruhusa ya kutibu. Alikuwa mtu wa hasira, tusidanganyane, lakini mbele ya mnyama mgonjwa sauti yake ilishuka, akaongea naye Mashi, lugha ya kwetu.

Jumamosi, 8 Mei 1993, alitakiwa kupeleka mahari mtaa wa Ixelles, hapahapa Brussels, kwa Papa Kazadi, babake mchumba wake, Claudine. Sukari, chumvi na vitenge vilikuwa tayari garini. Asubuhi ile akapigiwa simu na mfugaji wa nyati wa maziwa, nje ya mji: nyati amezaa, na mji wa mimba wote umetoka nje. Bienfait akaenda na suti yake. Akamdunga sindano ya ganzi, akauosha mji kwa maji baridi, lakini ulikuwa umevimba mno, haurudi ndani. Sukari hunyonya uvimbe, kila daktari wa mifugo anajua, na mfugaji alikuwa na kikopo kimoja tu cha jikoni. Bon, Bienfait akafungua gunia la mahari. Akamimina, akangoja, akausukuma ndani taratibu kwa ngumi, akashona. Nyati akapona, ndama akanyonya.

Alifika Ixelles mchana, ananuka, wazee wamemngoja tangu asubuhi. Uongo hakuujua, akasema yote.

"Donc sukari ya mutoto yangu ulimwangia nyama kwa matako?" akauliza Papa Kazadi.

"Papa, ilikuwa inakufa."

"Basi enda uoe ile nyati!"

Kesho yake Bienfait alirudi na magunia mawili ya sukari. Hawakumfungulia. Aliyetoka ni Claudine, na sanduku lake. Walifunga ndoa komini, mbele ya serikali, na kanisani mwaka uleule, viti vya wakwe vikiwa vitupu.

Ugonjwa wa ini ulimshika mwaka jana. Claudine alimwogesha, alimlisha, alimgeuza kitandani. Papa Kazadi, anayekaa karibu kabisa na hospitali, palepale Ixelles, Porte de Namur, hakukanyaga huko. Bienfait alifariki tarehe 14 Novemba, ameshikwa mkono na Claudine. Kwenye matanga ndipo wakwe wakaja. Wakala, wakanywa, kisha wakaagiza programu ya mazishi iandike "rafiki yake, Claudine", eti mahari haikutolewa. Aibu gani hii! Waliikataa wenyewe!

Marehemu ameacha dada yake, Bibiane, binti yake, Gracieuse, na Claudine, mke wake. Mke. Imechapwa hivyo na haifutwi.

Mungu ampokee ndugu yetu, ampumzishe. Mchanga wa kwanza hutupwa na mke. Papa Kazadi, tafadhali, sogea, mjane apite.